Barua ya wazi kwa maaskofu na wachungaji wa Dodoma: "Ni fumbo" haitoshi tena

Wahashamu maaskofu, mapadri, makasisi, wachungaji, wainjilisti na makatekista wa makanisa yetu hapa Dodoma,

Mbukwenyi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilifundisha Kiswahili miaka 32, na tangu nistaafu nimepewa darasa la kipaimara, Jumamosi saa nne asubuhi, chini ya mwarobaini nyuma ya kanisa. Nawaandikia hadharani kwa sababu faraghani nimekwisha kuuliza nikajibiwa, na jibu lenyewe ndilo lililonitia kalamu mkononi.

Mwaka jana tulifika kwenye somo la Utatu, yaani Mungu mmoja aliye Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, nami nikafanya kama nilivyofanyiwa nikiwa mtoto: nikaja na yai la kuchemsha. Nikasema, ganda, ute, kiini. Vitu vitatu, yai moja. Na Mungu ndivyo alivyo. Nikalimenya, nikalikata, nikawaonyesha. Kijana mmoja wa kidato cha pili, ambaye kwa kawaida huja kwa kusukumwa na mama yake, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kiini peke yake si yai. Sasa Yesu peke yake ni Mungu, au ni kipande?"

Darasa lilicheka. Nikawaambia tutaendelea wiki ijayo, yai nikampa mdogo wake.

Wiki hiyo nilimwendea kiongozi wangu wa kiroho. Simtaji, maana ni mtu mwema na alinipa chai. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwalimu, hilo ni fumbo. Waambie waamini tu, wasichimbe sana."

Wazee wangu, mimi ni mtu wa Kiswahili. Fumbo hufumbwa ili lifumbuliwe. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Tukimwambia kijana "ni fumbo" kisha tukanyamaza, tumemweka upande gani wa methali hiyo? Najua neno hilo katika ibada lina maana yake, kwamba Mungu hamaliziki kwa akili zetu, na hilo nalikubali kwa moyo wote. Lakini somo lisilomalizika siyo somo lisiloanzwa.

Na huku nje hakuna anayenyamaza. Tangu serikali ianze kuhamia hapa kwa kishindo mwaka 2016, mji umejaa watu wa kila kanisa. Nyumba ya jirani yangu kule Nkuhungu ina wapangaji watano na imani nne. Mashahidi wa Yehova hupita getini na kusema kwa adabu kwamba Neno, yaani Yesu, alikuwa "mungu" wa herufi ndogo. Msabato wa chumba cha nyuma ana mjomba aliyejitenga kwa sababu, anasema, waanzilishi wao hawakuukubali Utatu. Na ni kweli kadhaa wao katika karne ya 19 hawakuukubali, ingawa leo kanisa lao linaufundisha rasmi. Ukipanda bajaji kutoka Sabasaba kwenda Majengo unaweza kushuka hujalipa, dereva bado anakuuliza Yesu alimwomba nani pale Gethsemane.

Hali hii si ngeni. Gregory wa Nyssa, askofu wa karne ya nne, alilalamika kwamba Konstantinopoli ilikuwa hivyohivyo: unauliza bei ya mkate, mwuzaji anakujibu kwamba Baba ni mkuu kuliko Mwana, unauliza kama maji ya kuoga yako tayari, mhudumu anasema Mwana aliumbwa pasipo kitu. Gregory aliudhika. Mimi nikisoma hayo huwa namwonea wivu kidogo, maana maaskofu wa mji ule walijibu. Walihubiri, waliandika, walibishana, mpaka muuza mikate akawa na cha kushika.

Niwasimulie la pili, linaloniuma zaidi ya yai. Kulikuwa na muhadhara uwanjani, vipaza sauti vinne, watu wamejaa hadi wengine wamesimama juu ya pikipiki. Vijana wetu watatu walikwenda kutetea imani. Hakuna aliyewatuma, wala hakuna aliyewazuia. Ustadhi, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, akawauliza ni wapi Biblia inaposema watatu ni mmoja. Kijana wetu mmoja, sauti ya kwanza ya besi kwenye kwaya, akasoma Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya tano: Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu, na watatu hawa ni umoja. Upande wetu ukashangilia. Ustadhi akatoa mkobani Biblia ya Habari Njema, akampa kijana mwenyewe asome mahali palepale. Akakuta Roho, maji na damu. Baba na Neno hawamo. "Mwanangu," ustadhi akamwuliza, "hawa wameondolewa au waliingizwa?"

Nilikuwapo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jibu lake lipo na limejulikana miaka 500. Maneno yale hayamo katika hati za kale za Kigiriki za waraka ule. Yaliingia kwa njia ya Kilatini. Msomi Erasmus alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516 aliyaacha, mwaka 1519 akayaacha tena, na mwaka 1522, baada ya kulaumiwa sana, akayaweka. Wala imani ya Utatu haikusimama juu ya mstari huo: waliobishana kwa Kigiriki katika karne ya nne hawakuutumia, kwa kuwa hawakuwa nao. Mliopita vyuo vya teolojia mnaijua habari hii. Ndiyo maana nauliza, bila kejeli: mlipohitimu mliiacha bwenini? Kwa nini kijana wa kwaya aijue kwa mara ya kwanza kutoka kwa ustadhi, mbele ya umati?

Mwezi uliofuata wawili kati ya wale watatu waliiacha kwaya. Wamehamia kanisa linalobatiza kwa jina la Yesu tu, wamezamishwa upya bwawani, na sasa wanatuambia kwamba Baba, Mwana na Roho ni vyeo vitatu vya mtu mmoja, Yesu. Mafundisho hayo yalishika moto Marekani baada ya mkutano wa kambi karibu na Los Angeles mwaka 1913, na kufikia mwaka 1916 yalikuwa yameigawa Assemblies of God. Sisemi hivi kuwadharau. Swali lao lina miguu: Petro, katika Matendo 2:38, anasema wabatizwe kwa jina lake Yesu Kristo, na Mathayo 28:19, ikitaja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, inasema "kwa jina", siyo "kwa majina". Kijana anayesoma Biblia yake lazima aone hilo. Tulichowapa sisi ni onyo la kutoshiriki Meza ya Bwana, lililosomwa kwenye matangazo, kati ya harusi mbili na mchango wa paa.

Ningewajibu nini mimi? Nilikaa miezi nikisoma, kwa miwani hii yangu. Naomba mnivumilie niwaonyeshe nilipofika, ili mniambie nimepotelea wapi.

Kwanza niliona aibu, maana mifano yetu yote niliikuta imekwisha kukataliwa zamani, tena na watu wa upande wetu. Maji, barafu na mvuke: kitu kimoja kinachobadilika sura. Huyo ni Sabellius, aliyefundisha Roma mwanzoni mwa karne ya tatu, na ndiyo hasa imani waliyoifuata vijana wangu wawili. Tumewafundisha wenyewe kwa sufuria ya maji, kisha tukawatenga walipoiamini. Mtu mmoja ambaye ni baba nyumbani, mwalimu shuleni na mzee kanisani: huyohuyo tena. Yai ni vipande. Mafiga matatu yanayobeba chungu kimoja, mfano walioupenda sana bibi zetu, ni mawe matatu, basi. Ustadhi akiusikia huo hana haja ya kusema neno.

Pili niligundua kwamba ugomvi huu ni wa nyumbani. Vijana wanaambiwa Utatu ni mali ya Wazungu, ulitungwa na mfalme Constantine wa Roma kwenye mkutano wa maaskofu pale Nikea mwaka 325, siku moja na vitabu vya Biblia. Nikea haikuchagua vitabu vya Biblia. Ilijadili Mwana ni nani, na tarehe ya Pasaka, na mambo ya nidhamu. Aliyeuzusha mjadala, Arius, aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa, alikuwa kasisi wa Aleksandria, Misri. Aliyempinga maisha yake yote, Athanasius, alikuwa wa Aleksandria vilevile. Neno la Kilatini la Utatu tumelipata kwa mwandishi Tertullian wa Karthago, katika nchi inayoitwa leo Tunisia, zaidi ya miaka 100 kabla ya Nikea. Na kama ni mradi wa Constantine, basi ni mradi wa ajabu: ni yeye aliyempeleka Athanasius uhamishoni mara ya kwanza, mwaka 335, na alipokaribia kufa alibatizwa na askofu aliyekuwa rafiki wa Arius. Athanasius alifukuzwa mara tano na wafalme mbalimbali. Mafundisho ya ikulu hayamlipi mtu hivyo.

Arius naye alikuwa na akili ambayo sisi hatuna. Alitunga mafundisho yake kuwa nyimbo, wakaziimba mabaharia na wasaga nafaka. Alijua watu hubeba wimbo nyumbani, hotuba huiacha mlangoni. Kwaya zetu za Dodoma mnazijua; hakuna arusi wala msiba wasiofika. Lini askofu au mchungaji alikaa na watunzi akasikiliza wanachokiimba kuhusu Baba na Mwana? Nimesikia beti ambazo Arius angezipigia makofi, na nyingine ambazo zingemfurahisha Sabellius, jioni moja, kwaya moja.

Sasa neno lenyewe. Tunafundisha "Mungu mmoja, nafsi tatu". Lakini mtoto wa Kiswahili anaijua nafsi: nafsi inasononeka, nafsi inatamani, mtu mwenye ubinafsi anajijali mwenyewe. Ukimwambia nafsi tatu anasikia roho tatu, mioyo mitatu, nia tatu zinazoweza kugombana. Neno tumelitoa Kiarabu, na Wakristo wanaosali kwa Kiarabu hawalitumii hapo. Wana neno lao, uknumu, walilolirithi kwa Kisiria. Sisemi tulifute. Nasema halijaelezwa.

Na maelezo yake yalikuwa mkononi mwangu miaka 32, ubaoni, darasa la tano. Nafsi ya kwanza ni anayesema. Nafsi ya pili ni anayeambiwa. Nafsi ya tatu ni anayesemwa. Siku niliyokuta kwamba Tertullian alisoma Maandiko kwa namna hiyohiyo, niliinuka kitini. Aliuliza: hapa nani anasema, anamwambia nani, na habari za nani? Nikarudi kwenye ubatizo wa Yesu, Marko 1:11. "Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu, nimependezwa nawe." Yupo asemaye, yupo aambiwaye, na Roho ashuka kama hua. Mtu hajiambii mwenyewe "wewe ndiwe mwanangu". Hilo ndilo ningewaambia vijana wangu wa bwawani: kama Baba ni cheo tu cha Yesu, basi Gethsemane palikuwa na mtu mmoja akijiomba mwenyewe, na machozi yale yalikuwa ya maigizo.

Mtaniambia, mwalimu, hapo umepata watatu, mmoja umempoteza. Kweli. Sarufi hunipa nani na nani, hainipi umoja. Hapo nilimrudia yule Gregory wa muuza mikate, ambaye aliulizwa swali letu lilelile: mbona hamsemi miungu mitatu? Alitoa mfano wa wakulima, na mimi nitawapeleka Hombolo kwenye zabibu. Wakulima watatu tunawaita watatu kwa sababu kila mmoja ana shamba lake, anapogoa kwa wakati wake, huyu anaweza kuvuna na yule asivune. Kazi zao zinatengana. Baba, Mwana na Roho, akasema, hawana kazi zinazotengana: hakuna mahali Baba anaokoa peke yake, Mwana anahukumu peke yake, Roho anatakasa peke yake. Tendo ni moja, linatoka kwa Baba, linapita kwa Mwana, linatimia kwa Roho. Ndiyo maana tunakiri Mwana ana "umungu mmoja na Baba", maneno ambayo tunayasema haraka kama watu wanaowahi daladala.

Je, hilo linamaliza maswali? Halimalizi. Yohana 14:28 bado ipo, "Baba ni mkuu kuliko mimi". Marko 13:32 bado ipo, kwamba siku ile Mwana haijui. Augustino wa Hippo, Mwafrika mwingine, alikiri kwamba tunasema "nafsi tatu" si kwa kuwa neno latosha, bali ili tusikae kimya. Ona jinsi huyu naye alivyofika kwenye fumbo. Lakini alifika baada ya kutembea. Sisi tunalitaja fumbo tukiwa bado tumekaa.

Kuna watu wengine ambao barua hii ni yao pia. Mke wangu ni Mrangi wa Kondoa, na shemeji zangu ni Waislamu. Tunazikana, tunaoleana, Idi tunakula kwao na Krismasi wanakuja kwetu, nyama akiwa amechinja shemeji. Jioni moja shemeji mkubwa aliniuliza bila ugomvi: "Shemeji, ninyi mnasema Mungu amezaa. Alizaa na nani?" Kwao wameshika kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Zamani ningeficha uso. Safari hii nilimwambia: kuzaa unakokukataa wewe, kwa mwili na mke na tarehe, hata sisi tunakukataa. Imani yetu inasema "mwenye kuzaliwa bila kuumbwa", tena "tangu milele yote". Kama mwanga utokavyo kwenye mwanga, hakuna saa ambapo taa imewaka na mwanga haujatoka. Akatafakari, akasema, "Hiyo siikubali, lakini leo nimeielewa." Hatujawahi kuzungumza vizuri kama jioni ile. Na nilimwambia jambo jingine ambalo natamani mliseme mimbarani kwa sauti: sala ambayo Yesu mwenyewe aliitaja kuwa amri ya kwanza ni "Sikiza, Ee Israeli, Bwana Mungu wetu, Bwana ndiye mmoja". Bibi yangu kule Mvumi, kabla hajabatizwa, alimwita Mulungu, na hakuwahi kuwa na Mulungu wawili. Alipobatizwa hakuongezewa.

Ninachoomba ni hiki. Jumapili ya Utatu ihubiriwe Utatu. Ya mwisho tulihubiriwa paa. Linavuja, sibishi, lakini kuna Jumapili nyingine 51 za kulihubiri. Mwaka 2025 ulitimiza miaka 1700 tangu Nikea, na kwetu ulipita bila hata semina moja ya walimu. Kongwa kuna chuo cha teolojia, Msalato kipo, na mjini hapa mnao wasomi wanaosoma Kigiriki bila kamusi. Watushukie sisi walimu wa kipaimara, wa Jumapili na makatekista, siku tatu tu, wakatae mayai yetu na mafiga yetu, watupe kitu badala yake. Nanyi wa makanisa mbalimbali, Waanglikana, Wakatoliki, Walutheri, hili ni jambo adimu ambalo hamtofautiani. Mnaweza kuandika karatasi moja ya Kiswahili chepesi, mkaitia sahihi wote. Iseme wazi kuhusu ule mstari wa Yohana, ili asitokee kijana mwingine kuusoma kwenye kipaza sauti. Na kuhusu mihadhara, ama muwafundishe wanaokwenda ama muwazuie. Kuwaacha waende hivyohivyo, kisha kuwalaumu wakirudi wameshindwa, si uchungaji.

Wale wawili wa bwawani waondoleeni lile tangazo. Nimewatembelea. Mmoja aliniuliza kama bado anaruhusiwa kuja kusikiliza mazoezi ya kwaya akisimama nje, dirishani. Nilikosa cha kumjibu, kwa kuwa jibu si langu, ni lenu.

Darasa linaanza tena Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno ya zabibu, saa nne. Yule kijana wa kidato cha pili bado anakuja, na siku hizi mama yake hamsukumi. Ameniambia ameandaa maswali saba. Benchi la mbele, lenye kivuli, tutaliacha wazi kwa yeyote kati yenu atakayepata nafasi. Yai sitaleta.

Wenu katika Kristo,

Mwalimu wa kipaimara, Dodoma